Richard Hamming

Richard Wesley Hamming (Chicago, Illinois, 11 Februari 1915 – Monterey, California, 7 Januari 1998) alikuwa mwanahisabati wa Marekani na mmojawapo wa waanzilishi wa sayansi ya kompyuta. Anajulikana hasa kwa kubuni misimbo inayoiwezesha mashine kugundua kosa lililoingia katika data yake, kujua lilipo na kulisahihisha yenyewe. Misimbo hiyo huitwa kwa jina lake, pamoja na kipimo cha umbali wa Hamming. Mwaka 1968 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta.

Kazi yake inatumika hadi leo katika kumbukumbu za kompyuta, katika mawasiliano na katika hifadhi ya simu za mkononi.

Maisha ya awali

Hamming alizaliwa mjini Chicago, mwana wa Richard J. Hamming, aliyekuwa meneja wa mikopo, na Mabel G. Redfield. Alikulia mjini humo na kusoma katika shule ya ufundi ya Crane. Tangu ujana alitaka kuwa mhandisi. Lakini miaka ile ilikuwa ya Mdororo Mkuu wa uchumi, na ufadhili pekee aliopata ulitoka Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho hakikuwa na kitivo cha uhandisi. Hivyo akasoma hisabati, akapata shahada ya kwanza mwaka 1937. Baadaye alihesabu jambo hilo kuwa bahati: kama angekuwa mhandisi, alisema, kazi yake ingekuwa kuingia mashimoni kukagua nyaya badala ya kufanya utafiti.

Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1939 na ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1942, kwa tasnifu juu ya milinganyo tofautishi chini ya Waldemar Trjitzinsky. Akiwa Illinois alisoma pia maandishi ya George Boole, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeonyesha kwamba hoja za mantiki zinaweza kufanyiwa hesabu. Wakati ule wanahisabati wengi waliyaona hayana matumizi. Miaka michache baadaye Hamming aliyahitaji.

Tarehe 5 Septemba 1942 alimwoa Wanda Little, mwanafunzi mwenzake, mara baada ya Wanda kupata shahada yake ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza. Hawakujaliwa watoto. Waliishi pamoja hadi kifo cha Hamming, zaidi ya miaka 55.

Los Alamos

Baada ya kufundisha Illinois na Louisville, mnamo Aprili 1945 Hamming aliitwa Los Alamos, New Mexico, kwenye Mradi wa Manhattan uliokuwa ukitengeneza bomu la atomiki. Aliwekwa katika idara ya Hans Bethe, akiwa na kazi ya kuendesha mashine za hesabu za IBM zilizotumia kadi zilizotobolewa. Wanafizikia waliandika milinganyo, mashine zikapiga hesabu usiku na mchana, na Hamming alihakikisha hazisimami. Wanda alimfuata muda mfupi baadaye, akaajiriwa hukohuko kupiga hesabu, na baadaye akawafanyia kazi Bethe na Edward Teller.

Kabla ya jaribio la kwanza la bomu, lililofanyika tarehe 16 Julai 1945, mtu mmoja alimletea Hamming karatasi za hesabu akamwomba azikague. Hamming alifikiri kumpa msaidizi kazi hiyo, ila aliuliza kwanza ilihusu nini. Aliambiwa ni hesabu ya uwezekano kwamba mlipuko utawasha hewa yote ya dunia. Akaamua kuikagua mwenyewe. Siku ya pili yake alijibu kwamba kujumlisha na kuzidisha kulikuwa sahihi, lakini juu ya fomula zenyewe, yaani namna oksijeni na nitrojeni zinavyofanya katika nguvu kubwa kiasi kile, hakuwa na la kusema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzipima. Mwenye karatasi alimjibu kwamba aliombwa kukagua hesabu, si fizikia.

Hamming hakuisahau siku ile maisha yake yote, akaisimulia tena mwishoni mwa uhai wake. Karatasi inaweza kuwa sahihi kila mstari, ikakubaliana na nafsi yake kabisa, na bado isiwe kweli.

Alibaki Los Alamos hadi mwaka 1946. Alinunua gari kuukuu la Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyekuwa huko. Baadaye alipoliuza, ilikuwa wiki chache tu kabla ya Fuchs kufichuliwa kuwa jasusi wa Umoja wa Kisovyeti, na wapelelezi wa FBI wakaja kumhoji Hamming kuhusu gari hilo.

Maabara ya Bell

Mwaka 1946 alijiunga na Maabara ya Bell, kituo cha utafiti cha kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Aliajiriwa kwa ajili ya nadharia ya unyumbufu wa vitu, lakini mara nyingi alikuwa kwenye mashine za hesabu. Kwa muda alitumia ofisi moja na Claude Shannon, mwanzilishi wa nadharia ya habari. Pamoja na Shannon, Donald Ling na Brockway McMillan walikuwa kundi la vijana waliopata umri wa utafiti wakati wa vita na hawakujali sana desturi za wazee wa maabara.

Mashine iliyomsumbua iliitwa Model V. Ilifanya kazi kwa karibu relei 9,000, yaani swichi zinazofunguka na kufungwa kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Relei moja ilipokwama, tarakimu iliharibika. Wabunifu wa mashine walilijua hilo, hivyo kila tarakimu iliandikwa kwa relei tano ambazo mbili tu, si zaidi wala si pungufu, zilitakiwa kuwa zimefungwa. Zikionekana tatu au moja, mashine ilijua kuna kosa. Kwa maelezo ya Hamming, hitilafu za namna hiyo zilitokea mara mbili au tatu kwa siku.

Siku za kazi, mashine ilitoa ishara na fundi akaja kurekebisha. Mwisho wa wiki hapakuwa na fundi, na mashine ikiona kosa iliitupa kazi ile na kuchukua inayofuata. Hamming, akiwa mgeni katika maabara, alipewa nafasi ya mwisho wa wiki. Wiki mbili mfululizo mnamo 1947 alikuja Jumatatu asubuhi akitarajia majibu ambayo watu walikuwa wanayasubiri, akakuta kazi yake imetupwa. Kwa hasira alijiuliza: ikiwa mashine inaweza kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue kosa liko wapi? Mashine ya tarakimu mbili tu, 0 na 1, ikishajua mahali pa kosa imeshamaliza, maana kilicho 0 kilitakiwa kuwa 1, na kilicho 1 kilitakiwa kuwa 0.

Msimbo wa Hamming

Njia rahisi ya kujikinga na kosa ni kuandika kila biti mara tatu na kufuata wingi. Inafanya kazi, lakini biti 4 zinakuwa 12. Hamming alitafuta njia ya bei nafuu zaidi, akaipata katika namba witiri na shufwa.

Katika msimbo wake mdogo kabisa unaotumika sana, biti 4 za data zinaongezewa biti 3 za ukaguzi, jumla 7. Nafasi huhesabiwa kutoka 1 hadi 7. Biti za ukaguzi hukaa nafasi ya 1, ya 2 na ya 4. Data hukaa nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Biti ya nafasi ya 1 husimamia nafasi za 1, 3, 5 na 7. Biti ya nafasi ya 2 husimamia 2, 3, 6 na 7. Biti ya nafasi ya 4 husimamia 4, 5, 6 na 7. Kila mojawapo hupewa thamani itakayofanya idadi ya moja katika kundi lake iwe shufwa.

Chukua data 1011. Ikipangwa kwa kanuni hiyo inakuwa 0110011. Tuseme biti ya sita inaharibika njiani na kusomeka 0110001. Mashine inakagua makundi matatu: la kwanza lina moja mbili, ni shufwa, halina neno. La pili lina moja tatu, witiri. La nne lina moja peke yake, witiri pia. Makundi yaliyolalamika ni la 2 na la 4. 2 na 4 ni 6. Kosa liko nafasi ya sita. Mashine inaigeuza biti hiyo na kazi inaendelea. Kwa nini jumla ya makundi yanayolalamika hutoa anwani ya kosa moja kwa moja? Kwa sababu makundi yenyewe yamepangwa kufuata jinsi namba ya kila nafasi inavyoandikwa kwa 0 na 1, na hapo ndipo ulipo uzuri wa kazi yote.

Kadiri data inavyokuwa ndefu ndivyo gharama inavyopungua: biti 4 za ukaguzi hutosha kwa data ya biti 11, na biti 7 hutosha kwa data ya biti 120.

Kuna mpaka. Biti mbili zikiharibika pamoja, msimbo huu hudanganyika: huonyesha nafasi ya tatu isiyo na hatia na kuiharibu nayo. Hamming aliongeza biti moja ya kusimamia kundi zima, ili makosa mawili yajulikane walau kwamba yapo, hata kama hayawezi kusahihishwa. Kompyuta zinazohifadhi kazi nyeti hutumia mpango wa aina hii, biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za data.

Ili kueleza kwa nini msimbo fulani unaweza na mwingine hauwezi, alianzisha kipimo cha umbali: idadi ya nafasi ambamo maneno mawili yanatofautiana. Kwa Kiswahili, kati ya chukua na chukia umbali ni 1. Herufi moja ikikosewa, neno moja linageuka lingine na msomaji hana habari. Mtu akiandika chukza, kosa linaonekana, lakini haijulikani alikusudia lipi, kwa kuwa yote mawili yako umbali uleule. Ili kosa moja ligunduliwe, maneno yote halali yanapaswa kuachana kwa umbali wa 2 au zaidi. Ili lisahihishwe, umbali wa 3.

Kuchapishwa

Kazi ilikuwa tayari mapema, lakini Maabara ya Bell ilitaka hataza kwanza. Hamming hakuamini kwamba hisabati inaweza kupewa hataza. Mawakili wa kampuni walimwonyesha inawezekana, na hataza ilitolewa mwaka 1951 kwa jina lake na la Bernard Holbrook. Wakati huo makala yake ilisubiri. Shannon alitaja msimbo wa biti 7 katika makala yake maarufu ya 1948 na kusema ni wa Hamming. Mwaka 1949 Marcel Golay, aliyeuona mfano huo, alichapisha misimbo mipana zaidi ya jamii hiyohiyo. Makala ya Hamming mwenyewe ilitoka katika The Bell System Technical Journal mnamo Aprili 1950. Ubishi juu ya nani alitangulia uliendelea kwa muda, ila misimbo yenyewe ilibaki na jina la Hamming, na Golay anakumbukwa kwa mingine.

Miaka ya baadaye

Hamming aliendelea na hesabu za namba, vichujio vya mawimbi (ambako kuna dirisha la Hamming) na vitabu vya kiada. Alijulikana kwa tabia isiyopendeza kila mtu. Wakati wa chakula cha mchana alikaa na wanakemia akawauliza matatizo makubwa ya fani yao ni yapi. Siku nyingine akawauliza wao wanafanyia kazi tatizo lipi. Kisha akawauliza kwa nini hawashughulikii yale makubwa. Baada ya hapo hakukaribishwa tena mezani. Masuala hayo aliyakusanya katika mhadhara wa Machi 1986 juu ya namna ya kuishi maisha ya mtafiti, ambao bado unasomwa na wanafunzi duniani kote.

Aliondoka Bell mwaka 1976 na kwenda kufundisha katika Naval Postgraduate School, chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California. Alikuwa na umri wa miaka 61 na aliona utafiti uachiwe vijana. Kitabu chake cha mwisho, The Art of Doing Science and Engineering, kilitoka mwaka 1997. Desemba mwaka huo alitoa mhadhara wa mwisho, na tarehe 7 Januari 1998 alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 82.

Shirika la wahandisi IEEE lilianzisha Medali ya Richard W. Hamming, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuipokea, mwaka 1988. Mnamo 1990 walioipokea walikuwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliotengeneza Unix hukohuko Bell.

Kazi yake katika hifadhi ya simu

Unix ndiyo mfano uliofuatwa na Linux, na Linux ndiyo inayoendesha simu zote za Android na nyingine kadhaa kama Nokia N900 ya mwaka 2009. Data za simu hukaa katika hifadhi ya flashi, ambayo huandika biti kwa kufungia chaji ya umeme katika vijumba vidogo mno. Chaji huvuja, na kijumba kilichoandikwa mara nyingi huchakaa. Katika flashi za zamani, kila baiti 256 ziliongezewa baiti 3 za msimbo wa Hamming, zikasahihisha biti moja iliyogeuka bila mwenye simu kujua. Linux ina programu ya hesabu hiyo. Flashi za leo, zinazobana biti kadhaa katika kijumba kimoja, hukosea mara nyingi zaidi na hutumia misimbo mizito iliyobuniwa na wengine kuanzia mwaka 1959 na kuendelea, ila wazo ni lilelile.

Simu ikizimika ghafla katikati ya kuandika, au ikichomolewa waya wa USB kabla ya kompyuta kumaliza, uharibifu ni wa aina nyingine. Hapo kila biti inaweza kuwa imehifadhiwa vizuri, lakini mfumo wa faili umegombana na nafsi yake. Faili moja huandikwa mahali kadhaa: folda ina jina lake, rekodi iitwayo inodi ina ukubwa wake na orodha ya vipande vyake, na ramani ya hifadhi inaonyesha vipande gani vimeshikwa. Umeme ukikatika baada ya kubadilishwa sehemu moja tu kati ya hizo, nyingine hubaki na habari ya zamani.

Programu iitwayo fsck hufanya kazi ya karani wa chama cha ushirika anayekagua ghala la ufuta, tuseme katika kata ya Nambilanje wilayani Ruangwa: anashika daftari la ghala, anashika stakabadhi za wakulima, anahesabu magunia, na kutafuta mahali ambapo vitatu havikubaliani. Kwa mfumo wa ext3 au ext4 programu hiyo hupita mara tano. Hukagua inodi zote, kisha folda, kisha kama kila folda inafikika kutoka juu, kisha idadi ya majina yanayoelekea kila faili, na mwisho ramani ya nafasi tupu. Faili iliyopoteza jina lake huwekwa katika folda maalumu iitwayo lost+found ikiwa na namba badala ya jina, na ni juu ya mwenyewe kuifungua na kuitambua. Kichwa cha mfumo mzima nacho kina nakala za akiba mahali kadhaa, ili cha kwanza kikiharibika ukaguzi uanzie kwenye nakala.

Sehemu inayokaguliwa inapaswa kuwa imetenganishwa na mfumo unaofanya kazi, la sivyo karani anahesabu magunia huku mengine yakiingizwa kwa mlango wa nyuma. Inafaa pia kuendesha ukaguzi wa kusoma tu kwanza, na kunakili kilicho muhimu kabla ya kuruhusu ukarabati. Katika N900 hifadhi ilikuwa na sehemu za aina tofauti: mfumo wenyewe kwenye UBIFS, data za programu kwenye ext3, na picha na muziki kwenye FAT, ambayo ndiyo iliyoharibika kwa urahisi zaidi waya ulipochomolewa.

Msimbo wa Hamming hurudisha biti ileile iliyopotea. fsck hairudishi. Inachofanya ni kuyapatanisha madaftari, wakati mwingine kwa kufuta ingizo lisilo na ushahidi, na picha ambayo nusu yake haikuwahi kuandikwa itabaki nusu hata baada ya programu kutangaza kwamba mfumo ni safi.

Tangu Linux 3.5 ya mwaka 2012, ext4 inaweza kuambatanisha jumla ya ukaguzi na kila inodi na kila ukurasa wa folda. Jumla hiyo hugundua kwamba kuna kosa lakini haisemi liko wapi, kama relei tano za Model V. Ikitokea, mfumo huandika taarifa katika kumbukumbu zake, mara nyingi huzuia sehemu hiyo isiandikwe tena, na kusubiri mtu aendeshe fsck.